Shajara ya mradi: nyumba ya mawe Mji Mkongwe wa Zanzibar, paa hadi baraza

Kaskazi: upimaji

Jengo lina duka chini na ghorofa mbili za kuishi juu yake. Sehemu ya mbele, yenye roshani, imejengwa kwa mtindo wa Kihindi. Nyuma kuna ua wa ndani ambao ni wa zamani zaidi. Kuta ni za mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, unene sentimita 55 chini na 48 juu. Mwenye nyumba anataka fleti mbili za kupangisha, duka libaki duka, na sebule moja kubwa ghorofa ya pili. Hilo la sebule linarudi mbele.

Upimaji wa nyumba ya mawe hauendi kama wa nyumba ya matofali, kwa sababu hakuna pembe ya nyuzi 90 hata moja. Kila chumba kimepimwa pande nne na diagonali mbili, kisha kuta kwa timazi kila mita moja na nusu. Ukuta wa upande wa uchochoro umeegemea nje sentimita 4 katika kimo cha mita 4.2. Sababu inaonekana mara tu ramani ya dari inapochorwa. Boriti zote zinatoka ukuta wa mbele kwenda wa kati, na hakuna hata moja inayoingia kwenye ukuta wa uchochoro. Ukuta ambao boriti zinapita sambamba nao hauna kitu cha kuushika. Maji yakiingia kichwani mwake, unaanza kutuna.

Nyufa saba zimebandikwa alama za plasta nyembamba, kila moja imeandikwa tarehe. Alama ikipasuka, ufa unaendelea kutembea. Isipopasuka, jengo limeshatulia na ufa unaweza kuzibwa. Mwisho wa msimu mbili zilikuwa zimepasuka, zote kwenye ukuta huohuo.

Boriti zimekaguliwa moja moja. Kuzigonga kwa nyundo husaidia, lakini sauti ya katikati hudanganya, kwa kuwa boriti huoza ncha, mahali inapoingia ukutani. Njia ya kuaminika ni kuchoma kwa bisibisi ndefu pale mti unapokutana na jiwe. Bisibisi ikizama zaidi ya sentimita 2 bila nguvu, boriti hiyo inahesabiwa imekwisha. Katika chumba cha mbele cha ghorofa ya pili, kati ya boriti 27, zilizokwisha ni 11, na 9 kati ya hizo zinafuatana chini ya bafu lililoongezwa baadaye.

Kazi imegawanywa hivi

Wasanifu wawili: mmoja anashika michoro na kibali, mwingine yuko eneo la kazi kila siku na ndiye pekee mwenye ruhusa ya kubadilisha mchoro papo hapo. Mhandisi wa miundo anahesabu dari, viegemeo na vyuma vya kufungia kuta. Mkadiriaji majenzi ametenga asilimia 20 ya gharama ya kuta na dari kwa ajili ya yatakayofichuka lipu ikitolewa. Mteja alinung'unika, lakini kwenye nyumba za aina hii kiasi hicho hutumika mara nyingi kuliko kinavyobaki.

Fundi mkuu wa chokaa ana waashi sita chini yake. Maseremala ni wawili, mmoja wa kazi za miundo na mmoja wa nakshi. Kuwachanganya ni kupoteza muda wa wote wawili. Fundi wa chokaa anaingizwa tangu siku ya michoro ya kwanza, maana yeye ndiye anayesema mchanganyiko upi utakuwa tayari lini. Ratiba ya mradi mzima inafuata chokaa.

Michoro ilipelekwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kabla ya kugusa chochote. Mji huu uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na uso wa jengo, kimo chake na matundu yake havibadilishwi kwa matakwa ya mtu. Kinachorahisisha kibali ni mchoro unaoonyesha kila dirisha kwa kipimo na hali yake. Mchoro wenye maneno "kukarabati inapohitajika" hurudishwa, na ni haki urudishwe.

Kabla ya masika: paa kwanza

Ukarabati wowote Mji Mkongwe unaanza juu. Kupiga lipu chini huku paa linavuja ni kutupa pesa.

Paa la asili lilikuwa bapa, la mawe na chokaa juu ya boriti. Baadaye likafunikwa kwa mabati, na kati ya mabati na ukingo wa ukuta wa mbele ukaachwa mfereji uliofichwa. Mfereji huo ndio chanzo cha karibu kila ugonjwa wa nyumba hii. Hesabu yake si ngumu: upande unaomwaga humo una mita za mraba 90, na mvua kali ya milimita 100 kwa saa huleta mita za ujazo 9 kwa saa, yaani lita 2.5 kila sekunde. Mfereji wa zamani ulikuwa na upana wa sentimita 15 na tundu moja la kutolea maji, nalo lilikuwa limezibwa na kiota. (Kunguru wa Zanzibar hujenga hata kwa vipande vya waya, kwa hiyo kiota chake hakiozi wala hakisombwi na maji kwa urahisi.) Tundu likiziba, maji hayana pa kwenda ila ndani ya ukuta.

Mfereji mpya una upana wa sentimita 35, mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, na matundu mawili ya kutolea maji, moja kila mwisho. Juu yake kuna mdomo wa dharura unaotoboa ukingo na kumwaga barabarani. Mdomo huo umewekwa mahali pa kuonekana kwa makusudi. Ukimwaga, jirani atalalamika, na mtu atapanda kusafisha. Mfereji uliofichwa ambao hautoi taarifa unapofurika ni kosa la mchoro, hata ukijengwa vizuri namna gani.

Mabati yameinuliwa sentimita 60 juu ya sakafu ya paa la zamani, na ncha zote mbili zimeachwa wazi kwa wavu wa kuzuia popo na kunguru. Wazo hilo halikutoka pwani. Francis Kéré, msanifu wa Burkina Faso aliyepewa tuzo ya Pritzker mwaka 2022, alilitumia katika shule ya msingi ya Gando iliyokamilika 2001: bati limeachana na dari, hewa inapita katikati, na joto la bati halifiki kichwani mwa mwanafunzi. Hapa paa zito la chokaa linakaa mahali pa dari ile. Upepo wa kaskazi na wa kusi hupita pengo hilo kwa pande zote mbili, kwa hiyo mwelekeo wa paa haukuhitaji kubadilishwa.

Matangi ya maji yaliyokuwa juu yameshushwa. Tangi la lita 1,000 ni tani moja likijaa, na boriti hazikuwekwa kubeba tani moja mahali pamoja. Sasa yako uani juu ya jukwaa la zege, na pampu ndogo inasukuma maji juu.

Masika: chokaa shimoni, michoro mezani

Chokaa kilishaingia shimoni tangu kaskazi. Jiwe la matumbawe huchomwa juu ya magogo yaliyopangwa duara, na likifika takriban nyuzi 900 za sentigredi hutoa hewa ya kaboni na kubaki chokaa kikali. Kikimwagiwa maji huchemka chenyewe na kupasuka kuwa unga, halafu uji. Uji huo unachujwa kwa wavu wa milimita 3 na kulazwa shimoni chini ya maji ya kina cha kiganja, angalau miezi mitatu. Vipande ambavyo havijazimika vizuri vikiingia kwenye lipu, vitavuta unyevu baadaye, vitavimba na kurusha vishimo vidogo ukutani. Fundi hupima kwa mwiko: kikiteleza na kushika kama siagi bila punje, kiko tayari.

Mchanga wa ufukweni haukubaliwi, kwa sababu chumvi yake haitoki kwa kuoshwa mara moja. Unatumika mchanga wa shimo, uliochekechwa.

Mvua zikiendelea, kazi ya mezani ni ile sebule. Mteja anataka kuondoa ukuta kati ya vyumba viwili ili apate upana wa mita 6. Jibu ni hapana, na maelezo yake yamo kwenye boriti zenyewe. Mikoko iliyonyooka hukatwa kwa madaraja ya unene, kuanzia fito na pau hadi mazio, boriti na nguzo, na boriti ni ile yenye kipenyo cha sentimita 11 na nusu hadi 14 hivi. Urefu wake unaofaa kubeba dari ya mawe ni mita 3 na kidogo. Ukitoa sentimita 20 za kulalia ukutani kila upande, chumba kinabaki na upana wa mita 2.8. Ndiyo maana vyumba vya Lamu, Zanzibar na Kilwa ni virefu na vyembamba. Ndiyo maana pia nyumba za zamani za Oman na miji ya Ghuba, zilizopokea boriti kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, zina vyumba vya upana unaokaribiana na huo. Ukuta wa kati hapa umebeba boriti za pande zote mbili. Kuuondoa kunataka mhimili wa chuma wa mita 8, na chuma kilichozikwa kwenye ukuta wenye chumvi huota kutu, huvimba na kuupasua.

Kilichochorwa badala yake ni matundu matatu ya matao kwenye ukuta uleule, kila moja upana wa sentimita 110, na nguzo za ukuta za sentimita 90 kati yao. Ukumbi unasomeka kama chumba kimoja na mzigo unashuka palepale uliposhuka siku zote. Kanuni hii ni ya nyumba za Lamu, ambako msana wa tini, msana wa juu (kumbi mbili ndefu) na ndani (chumba cha nyuma) hufuatana kwa sambamba, kila kimoja kimeinuka kidogo kuliko kilichotangulia. Jicho linaona kina badala ya upana. Zidaka, yaani vishubaka vya ukuta wa nyuma, zimerudishwa pia. Mbali na kuweka vitu, zinavunja mwangwi ambao chumba kirefu chenye kuta tupu huwa nao.

Ukutani ofisini, juu ya meza ya mradi huu, kuna picha chache tu. Ya kwanza ni Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Seyyid Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake ya mbele iliporomoka pamoja na mnara tarehe 25 Desemba 2020, kazi za ukarabati zikiendelea. Watu wawili walifariki. Imewekwa pale kukumbusha kwamba jengo la mawe halifunguliwi kabla ya kuegemezwa. Ya pili ni Zahanati ya Kale karibu na bandari, iliyoanzishwa na mfanyabiashara Tharia Topan 1887 na kukarabatiwa na shirika la Aga Khan miaka ya 1990. Roshani zake za mbao ndizo kipimo chetu cha viungo vya roshani.

Ya tatu ni soko la Kariakoo, Dar es Salaam, la msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa 1975. Haifanani na Mji Mkongwe hata kidogo. Lakini paa lake la miavuli ya zege linapokea mvua, linaiteremsha na linaruhusu hewa kutoka juu, vyote katika umbo moja, na ukiliangalia unaelewa maji yanapita wapi. Tungependa kila mchoro wa paa uwe na uwazi huo. Soko liliungua Julai 2021, na tangu hapo picha hiyo inaangaliwa kwa jicho la tahadhari ya moto pia: nyaya zote za nyumba hii zinapita juu ya ukuta ndani ya mifereji ya mbao yenye mfuniko, ambako hitilafu inaonekana na kufikika.

Kipupwe: dari ya ghorofa ya pili

Kazi nzito kuliko zote. Dari ya asili ilikuwa na unene wa sentimita 30. Kila kizazi kiliongeza tabaka la kusawazisha juu ya lililolegea, na sasa zimefika 42. Kwa mawe na chokaa cha kilo 1,800 kwa mita ya ujazo, boriti moja yenye nafasi ya sentimita 30 na urefu wa mita 2.8 ilitakiwa kubeba kilo 450 hivi. Leo inabeba zaidi ya 630, kabla mtu hajaingia chumbani.

Utaratibu uliofuatwa:

1. Viegemeo vinasimamishwa kuanzia chini. Ghorofa ya kwanza nayo inaegemezwa hadi ardhini, la sivyo mzigo umehamishwa tu kutoka dari moja kwenda nyingine. Mistari ni miwili, kila mmoja nusu mita kutoka ukutani, na ubao wa inchi 2 kwa 6 kichwani.
2. Jeki zinakazwa mpaka ubao uguse boriti, basi. Dari iliyobonyea haisukumwi juu. Chokaa kilishaganda katika umbo lile, na kukiinua ni kukivunja.
3. Tabaka za juu zinaondolewa kwa patasi na nyundo ndogo, kuanzia katikati kwenda kingo. Mashine ya kutikisa ni marufuku. Kifusi kinashushwa siku hiyohiyo. Kikirundikwa pembeni ya chumba kimerudi kuwa mzigo uleule.
4. Boriti zinabadilishwa moja na kuruka mbili, kisha mzunguko mwingine. Hazifunguliwi mbili zinazopakana.

Tatizo lilitokea kwenye zile tisa za chini ya bafu. Mawe yaliyolala juu yake yalikuwa hayashikani tena, chokaa kimegeuka vumbi. Kuruka mbili hakukuwezekana, kwa hiyo mbao ziliingizwa chini ya mawe kwa kubana, mstari mzima ukabebwa, na kipande cha mita 2.7 kikajengwa upya kwa mawe mepesi na chokaa kipya.

Boriti mpya zimenunuliwa kwa kibali cha misitu. Nyingi zinazouzwa sasa ni nyembamba au zimepinda, na kati ya zilizoletwa theluthi moja zilirudishwa. Zinakubaliwa zilizokauka kivulini, zimemenywa ganda na kupakwa dawa ya mchwa mara mbili nchani. Ncha haifungwi kwa nailoni wala haijazwi saruji. Inaachiwa upenyo wa kidole kila upande ili ipumue. Waliofanya ukarabati uliotangulia walizungushia saruji ncha nne. Zote nne zilikuwa unga.

Ukuta wa uchochoro umefungwa kwa vyuma vinne visivyoota kutu, milimita 16, vinavyopita ndani ya unene wa dari na kushikwa nje kwa bamba. Viwili viko kila ghorofa. Havikazwi kuurudisha ukuta nyuma. Vinakazwa kwa mkono mpaka viache kulegea, ili usiende zaidi.

Mwisho wa kipupwe: kuta

Lipu ya saruji imetolewa yote hadi kimo cha mita 2.4. Nyuma yake mambo yalikuwa kama ilivyotarajiwa: unyevu unaopanda kutoka ardhini haukuwa na pa kutokea, ukapanda juu zaidi, chumvi ikaganda nyuma ya saruji na kula chokaa cha kati. Sehemu mbili mkono uliingia ukutani hadi kiwiko.

Chumvi inasuguliwa kwa brashi kavu na kuzolewa. Kuosha kwa maji kunairudisha ndani. Nyufa zilizotulia zimeshonwa kwa mawe marefu yanayovuka ufa, kila nusu mita. Matundu ya ndani yamejazwa uji wa chokaa, mchanga laini na unga wa matofali ya kuchoma, kwa mrija na ndoo iliyoinuliwa mita moja na nusu. Unaanza chini kwenda juu, na ukuta unamwagiwa maji kwanza. Ukuta mkavu hunyonya maji ya uji, uji unaganda mdomoni, na ndani panabaki patupu ilhali nje panaonekana pamejaa.

Lipu mpya ni sehemu 1 ya chokaa kwa 2 na nusu za mchanga na nusu ya unga wa matofali. Tabaka moja halizidi milimita 12. La pili linasubiri la kwanza ligome kucha, kama siku kumi, na magunia mabichi yananing'inizwa mbele muda wote huo. Likikaukia juani kabla ya kuvuta hewa ya kaboni, linabaki unga unaofutika kwa kiganja. Nywelenywele za nyufa zikitokea jioni, ubao wa kusawazishia unarudishwa na kukandamizwa. Zikiachwa hadi kesho yake zimeshakuwa za kudumu.

Chini ya kimo cha mita moja kuna tabaka la chokaa tupu lisilo na unga wa matofali, laini kwa makusudi. Litabeba chumvi itakayoendelea kutoka na litabanduliwa baada ya masika ijayo. Mafundi wa majengo ya kale huhesabu takriban mwezi mmoja wa kukauka kwa kila sentimita 2.5 za ukuta. Ukuta wa sentimita 55 hauharakishwi. Mpangaji wa duka ameelezwa kwamba sehemu hiyo itachubuka na kwamba hairuhusiwi kupakwa rangi ya mafuta.

Vuli: maji, umeme, mbao

Mabafu yote yamepangwa juu ya mengine kwenye ukuta wa ua. Mabomba yanashuka nje, yakiwa wazi, na kila kiungo kinafikika kwa ngazi. Maji ya viyoyozi, ambayo yamechora mistari ya kijani kwenye nusu ya kuta za mji huu, yanakusanywa kwa bomba la milimita 25 hadi kwenye mfereji wa ua.

Roshani ilihitaji mikono mipya mitatu ya msaji, na vipande vya nakshi vimechongwa kwa kufuata vilivyobaki. Kila kiungo ni cha ulimi na tundu. Bolti ni za chuma kisichoota kutu. Mbao imepakwa mafuta tu. Vanishi nzito hupasuka kwa jua la pwani na maji hujificha chini yake.

Mlango mkuu umetolewa, mfaa (mti wa wima wa katikati ya mlango) umeungwa mguu mpya wa sentimita 30 pale palipooza, na kizingiti kimeinuliwa juu ya bamba jembamba la jiwe ili mbao isinywe maji ya barabarani. Baraza ya nje ilikuwa imevikwa vigae vya bafuni. Vimeondolewa, na chokaa kimepigwa kwa vibao mpaka kiwe kigumu na laini.

Hali ilivyo sasa

Paa, dari za ghorofa ya pili na ukuta wa uchochoro vimekamilika. Alama za plasta kwenye nyufa zimewekwa upya na hazijapasuka. Ghorofa ya kwanza bado ina viegemeo, na vitabaki hadi chokaa cha dari ya juu kitimize miezi mitatu. Nje kumepakwa mikono mitatu ya chokaa chembamba kati ya mitano. Mikono miwili ya mwisho inasubiri siku zenye mawingu.